Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kukhu aliniuliza swali moja tu, na mimi nikamdanganya.

Ilikuwa Julai 2023, kwenye hospitali ya misheni huko Magharibi mwa Kenya. Nilikuwa nimeacha chuo miezi saba kabla. Nilikuwa nikisomea udaktari, nikafika mwaka wa tatu, karo ikanishinda. Hiyo ni hadithi nyingine, wacha ikae. Niliporudi nyumbani, mama mmoja jirani anayepika kwenye jikoni la hospitali hiyo akaniambia kuna kibarua: wanafunzi wa udaktari wanakuja kutoka ng'ambo kujitolea kwa wiki sita, hawajui Kiswahili, hawajui Kiluhya, wanatafuta mtu wa kuwatafsiria. Mia tano kwa siku, chai juu yao.

Nikakubali. Ukiwa umekaa nyumbani bila kazi, na kijiji kizima bado kinakuita "daktari" kwa sababu hakuna aliye na moyo wa kuacha, mia tano ni pesa nyingi.

Nilipewa msichana wa rika langu. Alikuwa mwaka wa tatu, pale pale nilipokwamia mimi. Tulikuwa tumesoma kitabu kile kile cha anatomia, ila changu kilikuwa fotokopi. Sitasema uongo, nilimpenda. Aliamka mapema, alisalimia hata watu wa kufagia, aliandika kila kitu kwenye kijitabu chake. Siku ya nne akaja Kukhu, bati limemchana mguu. Sista alikuwa ameshikwa na mama aliyekuwa akijifungua. Afisa wa kliniki akapita mbio, akamwambia mgeni wangu, "Huyu shona wewe, nakuja kuangalia." Mgeni alikuwa hajawahi kushona mtu. Aliniambia hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama.

Kukhu akamwangalia kutoka juu hadi chini, koti jeupe, glavu, macho ya wasiwasi. Akanigeukia. "Mjukuu wangu, huyu ni daktari?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Kukhu."

Nyuzi saba. Kidonda kilifungwa vizuri, na ningeweza kusema mambo yakaishia hapo. Lakini lile "ndiyo" lilinikaa kooni. Mimi mwenyewe nilikuwa na masomo sawa na ya yule msichana, na hakuna mtu kwenye jengo lile ambaye angenipa sindano. Tofauti yetu ilikuwa pasipoti. Na mtu aliyehalalisha tofauti hiyo mbele ya Kukhu alikuwa mimi.

*

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni 2024, nilikuwa na simu mkononi kama kila mtu wa umri wangu. Unaikumbuka siku hiyo. Nairobi vijana waliingia Bunge. Siku hiyo hiyo, ndege iliyobeba kikosi cha kwanza cha polisi wetu ilitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, kwenda kupambana na magenge. Picha mbili kwenye skrini moja. Wiki hiyo sikulala vizuri, na nisipolala husoma. Nilitaka kujua ni wapi huko tunakopeleka watu. Nikaanza kusoma historia ya Haiti, na katikati ya historia hiyo nikakutana na mwanafunzi wa udaktari aliyeenda kujitolea kwenye misheni ya watu wengine. Nikamsoma kama mtu anayesoma barua ya kesi yake mwenyewe.

Jina lake Paul Farmer. Pengine umewahi kulisikia, maana mwandishi Tracy Kidder alimwandikia kitabu mwaka 2003 kilichomfanya ajulikane dunia nzima, na wanafunzi wengi wa ng'ambo wanaopanda ndege kuja huku wamekisoma. Kwa kawaida hadithi yake husimuliwa hivi: kijana mwenye akili na moyo mkubwa alienda kwenye nchi maskini, akajenga hospitali, watu wakapona. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo tumeimbiwa tangu shule ya msingi, na nadhani ndiyo methali iliyonifanya nimjibu Kukhu "ndiyo" bila kufikiri. Mgeni amekuja, basi utapona.

Ila ukiisoma hadithi ya Farmer polepole, utaona kwamba mgeni ndiye aliyefundishwa, na wengi wa waliomfundisha si majina utakayoyakuta kwenye jalada la kitabu.

*

Alifika Haiti mwaka 1983, ana miaka 23, shahada ya kwanza mfukoni kutoka Chuo Kikuu cha Duke. Habari za Haiti alizipata kwanza Marekani kwenyewe, kwa Wahaiti waliokuwa vibarua kwenye mashamba ya North Carolina. Hakuwa amekwenda kuokoa mtu bado. Alikuwa anataka kuona.

Na nchi aliyoiona haikuwa maskini kwa bahati mbaya. Wahaiti walikuwa watumwa walioinuka mwaka 1791, wakalishinda jeshi la Napoleon, na mwaka 1804 wakatangaza uhuru wao. Hakuna taifa jingine ambalo watumwa wake wameinuka na kuunda dola yao namna hiyo. Mwaka 1825 Ufaransa ikarudi na manowari na bili: faranga milioni 150, fidia kwa mabwana waliopoteza mali yao. Na sehemu ya mali hiyo ilikuwa watu wenyewe. Yaani walioachwa huru walilazimishwa kumlipa aliyewafunga. Wakakopa ili kulipa, na mikopo iliyotokana na deni hilo haikuisha hadi 1947. Katikati ya hapo, kati ya 1915 na 1934, Marekani iliikalia nchi hiyo kijeshi. Kisha ukaja utawala wa Duvalier, baba na mwana.

Mwaka huo huo wa 1983 kulikuwa na jambo lingine. Ukimwi ulikuwa umeanza kutangazwa Marekani, na mamlaka ya afya huko iliwaorodhesha Wahaiti, taifa zima, miongoni mwa makundi ya watu walio katika hatari ya kuwa na ugonjwa huo. Wahaiti walioishi Marekani walipoteza kazi na nyumba kwa sababu ya orodha hiyo. Kwa hiyo wakati kijana mmoja wa Kimarekani anaenda Haiti akitafuta la kufanya, nchi yake ilikuwa inawanyooshea kidole wale wale anaowaendea. Baadaye aliliandikia jambo hilo tasnifu yake ya uzamifu.

Alijitolea kwanza kwenye hospitali ya misheni mjini Léogâne. Huko akaletwa mwanamke mjamzito mwenye malaria kali, damu imemwisha. Alihitaji kuongezewa damu na hospitali haikuwa nayo. Ilibidi mtu aende Port-au-Prince kuinunua. Farmer akachangisha pesa hapo hospitalini, dada ya mgonjwa akapanda gari. Akarudi mikono mitupu. Pesa hazikutosha. Mgonjwa akafa, na mimba yake. Dada yake akalia kwamba maskini hapati hata damu, ilhali watu wote ni watu.

Farmer akafanya ambacho kila mgeni mwema angefanya. Aliandika barua kwao, akachangisha pesa ili hospitali ipate vifaa vya damu. Kisha akagundua kwamba vifaa vikifika, wagonjwa watatozwa. Yule mwanamke angefufuka leo, angekufa tena, tofauti ni kwamba safari hii angekufa akiiangalia mashine.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Nilikumbuka chumba kimoja pale hospitalini kwetu, kimejaa mashine zilizoletwa na wageni wa miaka iliyopita, zimefunikwa shuka. Moja haikuwa hata na plagi ya huku.

*

Somo lake la pili lilikuwa juu milimani, mahali paitwapo Cange.

Cange haikuwa kijiji cha zamani. Mwaka 1956 bwawa la Péligre lilikamilika kwenye mto Artibonite, likachorwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, likajengwa kwa mkopo kutoka huko huko. Maji yalipopanda, wakulima wa bondeni wakapanda nayo, wakaacha ardhi yao nzuri chini ya ziwa na kwenda kulima kwenye mawe. Umeme ukashuka kwenda mjini. Waliohamishwa hawakupata umeme wala maji. Msomaji uliyekulia karibu na mabwawa yetu ya Mto Tana, wewe huhitaji maelezo zaidi. Unajua maana ya nyaya kupita juu ya paa lako na wewe unasoma kwa koroboi.

Aliyekuwa na watu hawa kabla ya mgeni yeyote wa Harvard alikuwa kasisi wa Kianglikana, Padre Fritz Lafontant, Mhaiti. Yeye na mkewe Yolande walijenga kanisa na shule pale Cange, wakifanya kazi na hao waliofukuzwa na maji. Miaka ya 1980 wahandisi wa kujitolea kutoka South Carolina wakasaidia kupandisha maji safi kutoka bondeni hadi juu, na watoto wakapungua kufa. Ndipo Farmer akakaribishwa.

Kuna methali ya pili, ambayo hatuipendi sana kwa sababu si ya ukarimu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lafontant alimpa Farmer jembe. Jembe lenyewe lilikuwa daftari. Pamoja na vijana wachache wa pale pale, rika lake, walipita nyumba kwa nyumba wakihesabu watu: nani anaishi hapa, nani amezaliwa, nani amekufa, amekufa na nini. Kabla ya dawa, sensa. Mgeni alitakiwa kwanza ajue majina.

Wakati huo alikuwa ameshaanza udaktari Harvard, mwaka 1984. Lakini masomo yake mengi aliyasomea Cange, vitabu kwenye mkoba, anaruka kwenda Boston kufanya maabara na mitihani, kisha anarudi. Wenzake darasani walimtania jina, Paul Foreigner, yaani Paul Mgeni. Utani huo naupenda sana. Kwao Boston ndiko alikokuwa mgeni.

Kliniki ilifunguliwa Cange mwaka 1985, yeye bado mwanafunzi. Mwaka 1987 yeye na wenzake, akiwemo Ophelia Dahl aliyefika Haiti kujitolea akiwa na miaka 18, na tajiri wa ujenzi wa Boston aitwaye Tom White aliyetoa pesa, wakaanzisha shirika la Partners In Health. Upande wa Haiti liliitwa Zanmi Lasante, kwa Kikrioli, marafiki wa afya.

Lakini kuna sentensi moja ambayo wasimulizi wengi huipita haraka. Wale vijana waliofanya naye sensa hawakuzeeka wote. Baadhi yao walikufa ndani ya miaka michache, wa malaria, wa homa ya matumbo, wa maambukizi baada ya kujifungua. Magonjwa yenye dawa. Walibeba daftari moja na yeye, walipanda vilima vile vile, walikunywa maji yale yale. Yeye akahitimu mwaka 1990 na shahada mbili kwa mpigo, ya udaktari na ya uzamifu katika anthropolojia. Wao wako makaburini Cange.

Simlaumu. Kwa maandishi yake yote, yeye mwenyewe hakuacha kulitaja jambo hili la nani hufa na nani hubaki. Ninasema tu kwamba ukitaka kujua ugonjwa ni nini, usiuangalie mwili peke yake. Angalia vijana wawili wa umri mmoja waliofanya kazi moja, uulize ni nini kilichomtenganisha aliyepanda ndege na aliyebaki.

*

Somo la tatu ndilo lililonitoa kwenye hasira zangu, kwa sababu lina hesabu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wa Cange na vitongoji vyake walikuwa wakifa kwa kifua kikuu ingawa dawa zilitolewa bure. Wafanyakazi wakakaa kikao kujadili kwa nini. Baadhi, hasa waliosoma, walisema wagonjwa ni wajinga, wanaamini wamerogwa, kwa hiyo hawamalizi dawa. Wafanyakazi wa afya wa vijijini, watu wa pale pale, walisema hapana. Walisema mtu mwenye njaa hawezi kumaliza dawa za TB. Anapopata nafuu kidogo anarudi shambani, maana watoto hawali nafuu yake.

Wakaamua kupima. Wagonjwa wakagawanywa makundi mawili kulingana na wanakoishi. Wote walipata dawa bure. Kundi la kwanza lilipata na vitu vingine: jirani aliyefunzwa kuwatembelea nyumbani, chakula, na pesa kidogo, dola 30 kwa mwezi mwanzoni, ili waweze kula na kulipia usafiri wa kwenda kliniki. Matokeo yakachapishwa mwaka 1991. Kundi la kwanza walipona wote. Kundi la pili, waliopewa dawa peke yake, walipona karibu nusu tu. Na ile habari ya kurogwa? Haikubadilisha chochote. Walioamini wametumiwa kifua kikuu na adui walimeza vidonge vyao na kupona kama wengine.

Hebu fikiria nani alipatia hapo. Jibu halikutoka kwa mwanafunzi wa Harvard. Lilitoka kwa mwanakijiji aliyesema "ana njaa." Ukubwa wa Farmer, kwa maoni yangu, ni kwamba alikuwa kwenye kikao hicho na akanyamaza akasikiliza, kisha akatafuta pesa za kumlipa huyo mwanakijiji mshahara.

Wale majirani wa kutembelea wagonjwa wakapewa jina kwa Kikrioli, akompanyatè. Kiswahili kina neno zuri zaidi kuliko Kifaransa: msindikizaji. Sisi husindikiza wageni. Mgeni akiondoka unamtoa hadi barabarani, unasubiri naye matatu, unambebea mzigo. Huko Cange waligeuza mambo. Anayesindikizwa ni mgonjwa, na anasindikizwa na jirani yake, kila siku, hadi dawa ziishe.

Wazo hilo lilivuka bahari. Mwaka 2005 Partners In Health walialikwa na serikali ya Rwanda wakaanzia Rwinkwavu, mashariki mwa nchi. Januari 2011 hospitali ya Butaro ikafunguliwa, kaskazini, karibu na mpaka wa Uganda, kwenye wilaya ambayo awali haikuwa na hospitali kamili. Kuta zake ni za mawe ya volkano ya pale pale, yaliyochongwa na mafundi wa pale pale. Leo mlima wa jirani una chuo kikuu cha afya, na mwaka 2019 wanafunzi wa kwanza wa udaktari walianza masomo yao hapo. Farmer aliaga dunia Butaro tarehe 21 Februari 2022, usingizini, ana miaka 62. Alikuwa ameenda kufundisha.

Hivyo ndivyo hadithi ya mwanafunzi aliyeenda ng'ambo kujitolea inavyoisha: kwenye mlima wa Afrika Mashariki, ambako mwanafunzi wa udaktari si lazima awe mtu aliyeshuka kwenye ndege.

*

Sasa, kuna mtego hapa. Kitabu kikishauzwa, kila mtu anataka kuwa Farmer, na kuwa Farmer kwa wiki sita. Hakuna anayetaka kuwa yule wa daftari.

Hapo Jinja tu, Uganda, Mmarekani mmoja kijana asiye na shahada ya udaktari wala ya uuguzi alifungua kituo cha kuwalisha watoto wenye utapiamlo, kikaanza kulaza wagonjwa mahututi. Watoto zaidi ya mia moja walifariki wakiwa huko kwa muda wa miaka kadhaa. Mwaka 2019 kina mama wawili walikwenda mahakamani. Yeye alikana kwamba aliwahi kujifanya daktari, na mwaka 2020 kesi iliisha kwa makubaliano ya kuwalipa fidia, bila kukiri kosa. Sitaki kuhukumu zaidi ya hapo. Ninachoona ni kwamba mahali fulani, kwenye lango la kituo kile, lazima alikuwepo mtu kama mimi. Mtu wa kutafsiri. Mama akauliza, naye akajibu "ndiyo."

Pia kuna njia nyingine, na hatuhitaji kuvuka mpaka kuiona. Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana kwa zaidi ya miaka thelathini. Wanafunzi wa Indiana huja wodini kwetu, ndiyo, lakini wa Moi nao huenda Indiana, wakakaa kwenye wodi za huko. Hilo moja linabadilisha mengi. Ukijua kwamba kesho mimi nitakuwa mgeni kwako, leo utaingia kwangu ukiwa umefuta miguu.

Na sisi? Tumejiona kila mara kama mwenyeji, yule anayekuja kuponywa. Juni 2024 sisi ndio tulikuwa wageni Haiti. Polisi wetu walilala kwenye nchi iliyokwisha kupokea wageni wengi wenye bunduki na nia njema. Mwaka 2013, Partners In Health na serikali ya Haiti walifungua Mirebalais, si mbali na Cange, hospitali ya kufundishia yenye vitanda 300, ambako madaktari wa Kihaiti walisomeshwa ili nchi isiwategemee wageni. Mwaka 2025 magenge yaliuvamia mji huo na hospitali ikalazimika kusimamisha huduma. Wageni wetu, yaani sisi, hatukuweza kuizuia siku hiyo. Ninalisema bila kebehi. Wana wa watu walikwenda huko, na wengine hawakurudi hai. Ninasema tu kwamba kuwa mgeni ni kazi ngumu, na nia njema haijawahi kutosha.

*

Turudi kwa Kukhu.

Siku kumi baada ya kushonwa alikuja kutolewa nyuzi. Alikuwa ametembea, na alikuwa na mfuko wa karanga, zimekaangwa tayari, kama kilo mbili. Akauliza yuko wapi yule daktari wake. Siku hiyo wageni walikuwa wameenda Maasai Mara kutazama wanyama. Sista akamtoa nyuzi kwa dakika tano, huku akimsuta kwa kutembea na mguu ule. Kukhu akanipa karanga. "Mpelekee. Mwambie mkono wake ni mwepesi."

Sikumpelekea. Nilizila njiani, kwenye matatu, zote, na nilipofika nyumbani mama akaniuliza kwa nini sili chakula.

Agosti 2024 waliniita tena. Wanafunzi wengine, wiki sita nyingine, sasa ni mia sita kwa siku. Nilienda kwa sababu pesa zilihitajika, ila nilienda na sharti moja ambalo sikumwambia mtu. Nilisema nitatafsiri kila swali na kila jibu jinsi lilivyo.

Wiki ya kwanza akaja mzee mkata miwa, panga limemteleza likamkata kiganja. Mgeni wangu mpya, mvulana mrefu mwenye haya, alikuwa ameshavaa glavu. Mzee akamtazama, akaniuliza swali lile lile. "Kijana, huyu ni daktari?"

"Hapana, Mzee. Ni mwanafunzi, yuko mwaka wa tatu. Anaomba akushone, Sista akiwa hapo kando. Unakubali?"

Kukawa kimya. Nilimtafsiria mvulana nilichosema, akawa mwekundu hadi masikioni. Mzee akafikiria, akiangalia kiganja chake. Ni mkono wake wa kazi.

"Kama ni mwanafunzi, basi asome," akasema. "Sista anishone. Yeye aangalie."

Nilidhani mvulana ataondoka. Sista hakumpa nafasi. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi na chumba kilikuwa na kiza. Alimwita kwa kidole, akamsimamisha karibu na kitanda, akamwekea tochi mkononi.

"Mulika hapa," akamwambia, kwa Kiswahili, na sikuhitaji kutafsiri.